Mti Uliopiga Magoti

Mama Daftari hakuwa mwongo. Hilo wote walilijua, na wengine liliwachosha. Ukimwambia kikao kilianza saa tisa, atakusahihisha: "Saa tisa na dakika kumi na nne. Mwenyekiti alikuwa anatafuta miwani aliyoivaa." Ndiyo sababu kina mama wa kikundi cha sala walimkabidhi daftari, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika.

Daftari lenyewe lilikuwa la miti. Juu ya zahanati kulikuwa na mteremko mtupu kama kipara. Mvua ikinyesha, udongo ulishuka mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha kujifungulia, wauguzi wakaingia kazini viatu mkononi. Miaka minne nyuma kina mama waliuomba mteremko ule manispaa, wakachimba mashimo mia na ishirini, wakapanda. Manispaa ilitoa sharti moja, likapigwa muhuri: ukifika mwaka wa nne, nusu ya mashimo yawe na mti ulio hai. Yakiwa chini ya sitini, mteremko unarudi manispaa, na huko wapo watu waliokwisha kuuomba wausawazishe waegeshe malori ya mchanga.

Mwaka wa nne ulikuwa umefika. Daftari lilisema arobaini na saba.

"Soma tena," Mwenyekiti alisema. Walikuwa katika chumba cha nyuma ya kanisa, penye viti vilivyobebana na kinanda kilichofunikwa shuka.

"Arobaini na saba."

"Soma polepole. Labda itaongezeka."

Mama Daftari alisoma polepole. Haikuongezeka.

"Na ile miche tuliyorudishia mvua zilizopita?" aliuliza Shangazi Cherehani, mshonaji wao, ambaye hata kikaoni alikuwa na sindano imechomekwa kwenye ukosi. "Tuliijaza mapengo yote, mgongo wangu shahidi."

"Kila Jumamosi napita njia ya chini nahesabu," Mama Daftari alijibu. "Naona miti mikubwa arobaini na saba, na nyasi. Jua la mwaka huu mmeliona wenyewe. Ile miche Mungu aliyeitoa ameichukua."

Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na mtu wa hesabu hakubali kushindwa na namba. Akawahesabu kina mama kwa kidole, kiti kwa kiti.

"Tunatakiwa tuongeze kumi na tatu. Humu ndani tuko kumi na saba. Ndugu zangu, Mungu ametupa watu kuliko shida."

"Sijakuelewa," alisema Mama Daftari, ingawa alianza kuelewa na hakupenda.

"Alhamisi manispaa wanahesabu kwa kile kidege kisicho na rubani, kutoka juu. Cha juu kinaona nini? Kinaona kijani. Shangazi, lile jora lako la kijani la sare za shule, zile walizobadilisha rangi, bado lipo?"

"Lipo. Limekaa mpaka panya wamelizoea."

"Basi kila mmoja ajitande, achague pengo, akae."

"Mwenyekiti, huo ni uongo."

"Uongo ni wa mdomo, Mama Daftari. Nani atafungua mdomo? Tutakaa tu. Kukaa ni dhambi? Wewe hapo si umekaa?"

Wote wakacheka. Mama Daftari naye meno yakamtoka bila ruhusa, na hapo ndipo aliposhindwa, maana ukishacheka na mtu ni vigumu kumkemea.

"Halafu anayekirusha ni mkamwana wako," Mwenyekiti aliongeza kwa sauti ndogo.

"Sitamwomba kitu."

"Nani kakwambia uombe? Nyamaza tu. Au na kunyamaza hukuwezi?"

Akanyamaza. Akaandika daftarini: *Mwenyekiti alitoa wazo.* Wazo lenyewe hakuliandika. Ilikuwa mara ya kwanza daftari lile kujua nusu ya jambo.

Mkamwana wake alikuwa mpimaji wa ramani za mimea. Waliishi nyumba moja, wawili tu kwa siku nyingi, kwa kuwa mume wa yule binti alikuwa fundi wa mitambo huko mbali na alionekana mwisho wa mwezi, kama mwezi wenyewe. Kidege kilikaa juu ya kabati la vyombo. Mama Daftari alikuwa amekifumia kitambaa cheupe cha kukifunika vumbi, na mkamwana, kwa adabu, alikwenda nacho kazini hivyohivyo, wenzake wakamwuliza kama kinakwenda kubarikiwa.

Jumatano jioni binti alikuwa amepanga betri mezani, anazichaji moja moja, mama anachambua mchele kwenye ungo.

"Hicho chako," alisema mama, macho kwenye mchele, "kikiwa juu kinafanyaje?"

"Kinakwenda na kurudi, mama, kama mtu anayedeki sakafu. Kila mstari unapanda kidogo juu ya mwenzake. Kinapiga video, halafu mimi nazikata picha zake nazishona ziwe ramani moja."

"Na kinajuaje kwamba huu ni mti, lile jiwe?"

"Kinajua."

"Hata ukiwa mti... wa namna yake?"

Binti akaacha betri. "Wa namna gani?"

"Basi tu. Miti haifanani."

"Mama, hapo kwenye ungo umetupa mchele, umebakiza mawe."

Asubuhi ya Alhamisi Mama Daftari alisali sala ndefu kuliko kawaida, kisha akaamua: atakwenda mteremkoni kuwatoa wale wanawake kabla kidege hakijaruka. Hilo lilikuwa safi moyoni mwake. Alipofungua sanduku la nguo, mkono ulitoa kitenge cha kijani na kilemba chake. Alijiambia kwamba ndicho kilichokuwa juu.

Magoti yake yalikuwa yameacha kupanda vilima tangu msiba wa mumewe, na hata kabla ya hapo yalikuwa yakilalamika. Alipanda kwa kushika nyasi. Alipofika tuta la tatu alisimama kuvuta pumzi, akawaona. Wamejikunja kila mmoja mahali pake, vitambaa vya sare kichwani, kijani kibichi cha kuumiza macho, kama vyura kumi na sita waliosubiri kuitwa majina.

"Shukeni!" aliita. "Jamani, shukeni, hili halifai!"

"Umechelewa!" Mwenyekiti akajibu kutoka chini ya kitambaa. "Pengo lako ni lile pale, karibu na jiwe!"

"Sikuja kukaa!"

"Na hiyo kijani uliyovaa umeivalia nani?"

Hapohapo mlio ukasikika, kama nyuki aliyekasirika ndani ya kopo. Kidege kikainuka kutoka uwanja wa zahanati, kikapanda, kikatulia angani, kikaanza kuja.

"Kaa! Kuwa mti!" Mwenyekiti alinong'ona kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona.

Mama Daftari akageuka ashuke. Kushuka kukawa mbali. Akafikiri asimame tu. Akajiona alivyo mrefu na peke yake. Magoti yakamwamulia. Yalikunjika, akajikuta chini, na alipokuwa amepiga magoti alijua kazi moja tu inayofanywa katika hali hiyo. Akafunika uso kwa viganja.

"Ee Mungu," alisema, "mimi si mti. Wewe wajua."

Kidege kikapita juu. Kikaenda mpaka mwisho wa mteremko, kikarudi. Kikaenda tena. Katika mstari wa nne hivi, sauti ikapasuka kutoka tuta la juu.

"Siafu! Mwenyekiti, nimekalia siafu!"

"Mti haulii, Shangazi!"

"Mti hauna mapaja!"

Na Shangazi Cherehani akainuka na jora lake, akaruka mashimo mawili, akakaa pengine.

Mchana, saa nane, binti alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinawa, akavuta mapazia ya sebuleni ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri, akavuta viti viwili.

"Mama, njoo unisaidie kuhesabu. Bingwa wa kuhesabu si wewe?"

Mama Daftari alikaa kwenye ncha ya kiti.

Video ikaanza. Mteremko ulionekana mdogo, unaweza kuukunja ukautia mfukoni. Miti mikubwa ilikuwa mviringo mviringo kama vichwa vya watoto ukiwaangalia kutoka juu. Katikati yake vilionekana vile vingine.

"Huu ni mti wa aina gani?" aliuliza binti, kwa ukarimu kabisa. "Sijawahi kuuona kitabuni."

"Labda... wa kisasa."

"Huu una pindo. Umepigwa cherehani." Akasogeza video mbele. "Na huu, tazama, mstari wa tatu uko hapa. Mstari wa nne umehama. Umepita hatua saba. Sasa mimi nikizishona hizi picha, nishone mti wapi, hapa au pale?"

Mama Daftari akatazama kitambaa cha meza. Kilikuwa na maua manane kila upande. Alijua, alikwisha kuyahesabu.

"Lakini unaonipa taabu ni huu." Kidole cha binti kikatulia kwenye tuta la tatu. "Huu mti umepiga magoti, mama. Mti unaosali. Nimekaa kazini miaka sita, nimepima misitu mitatu, sijakutana na mti mcha Mungu."

Kicheko kilimtoka mama kwanza, halafu machozi, vyote vikawa havitofautiani.

"Nilikwenda kuwazuia, mwanangu."

"Ukiwa umevaa sare yao?"

"Ndicho kitenge kilichokuwa juu sandukuni."

"Mama."

"Haya. Kilikuwa chini. Nilikichimba."

Nje mtu alikuwa anapita akipiga filimbi. Binti akaacha mzaha, sauti yake ikawa ya kazi.

"Sasa nikuonyeshe kitu. Kidege kina macho mawili. La kwanza linaona kama sisi. La pili linaona mwanga unaotoka kwenye jani lililo hai, mwanga ambao sisi hatuuoni. Kwenye jicho hilo, kilicho hai natia rangi nyekundu."

Akabonyeza. Mteremko ukabadilika. Miti ikawaka nyekundu kama makaa. Wale kumi na saba wakawa kijivu, kijivu cha majivu ya jana, kumi na saba bila kukosea.

"Kwa hiyo kijani chetu..."

"Hakikuonekana hata kidogo. Mmeumwa na siafu bure."

"Sifa kwa Mungu," alisema Mama Daftari, na alimaanisha, ingawa moyo ulizama. "Basi ni arobaini na saba."

"Siyo. Mashine imehesabu hamsini na nane."

Mama akageuka. Katika miaka minne hakuna aliyepinga namba yake.

"Haiwezekani. Nimehesabu kila Jumamosi."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka njiani. Chini."

Binti akakuza picha. Katikati ya nyasi zilizokauka, nukta nyekundu, ndogo kama harara. Hapa moja. Pale nyingine. "Hii ni miche, mama. Inafika gotini. Nyasi zimeifunika, na wewe uko chini unatazama juu, utaionaje? Ipo kumi na moja. Haikufa. Mlirudishia vizuri."

Mama Daftari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kumi na moja. Miezi yote hiyo alipita njia ya chini akiandika *pengo, pengo, pengo,* kwa mwandiko wake mzuri, na miche imekaa ndani ya nyasi inamsikiliza.

"Hamsini na nane," alisema polepole. "Imepungua miwili."

"Tazama tena mti wako uliohama." Binti akarudi kwa Shangazi Cherehani. Mstari wa tatu: doa la kijivu. Mstari wa nne: doa limekwenda zake, na pale lilipokuwa, panawaka nukta nyekundu. "Shangazi alikuwa amekalia mche. Shimo hilo mashine imelikataa kabisa, kwa sababu picha mbili hazisemi lugha moja. Wale wengine kumi na tano hawakuinuka. Sijui wamekalia nini."

Hapo Mama Daftari aliona jambo lote, toka mwanzo wake, na mwanzo wake ulikuwa yeye. Kama asingeandika arobaini na saba, Mwenyekiti asingewahesabu watu. Watu husema mtu amekalia kuti kavu. Wao walikalia mche mbichi.

"Rusha tena kesho," alisema.

"Siwezi kurusha bila ruhusa. Kibali ni cha siku moja, na kesho saa nne asubuhi natakiwa nikabidhi video kwa Bwana Mipango wa manispaa. Naweza..." Binti alisita, akachezea kifuniko cha betri. "Naweza kukata vile vipande vyenye watu. Nikasema upepo ulikisumbua kidege, naomba siku nyingine. Hakuna atakayejua."

Lilikuwa pendekezo la mapenzi, na lilitamkwa na mtu ambaye kazi yake ingekwenda na maji likijulikana. Mama Daftari akamwekea mkono begani.

"Usikate hata uzi. Tayari nina watu kumi na saba waliodanganya kwa namba yangu. Sitaki kumi na nane."

Bwana Mipango alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na subira ya nusu kalamu. Ofisi yake ilikuwa na feni iliyozunguka kwa kulazimishwa na mafaili yaliyokandamizwa kwa mawe, yasipeperuke. Mama Daftari alikataa kiti. Alisimama, akafungua daftari kifuani kama anayetaka kuimba.

"Kabla hujatazama, baba, nina la kusema. Utaona vitu kumi na saba vya kijani. Si mimea. Ni sisi."

"Nyinyi?"

"Kikundi cha sala."

Bwana Mipango akatazama video. Alitazama uso umekauka mpaka alipofika kwa Shangazi Cherehani. Mabega yakaanza. Alipofika tuta la tatu alivua miwani, akajifanya inahitaji kufutwa, akaifuta muda mrefu sana.

"Mama," alisema hatimaye, "unajua naweza kuandika hapa kwamba mmevunja sharti, mteremko ukaondoka leo hii? Walioomba wananipigia simu kila wiki."

"Najua."

"Na video inasema hamsini na nane. Sharti linasema sitini. Hata nisipowaadhibu, mmeshindwa."

"Najua hilo pia. Lakini sharti linasema ulio hai, halisemi unaoonekana. Iko miche hai tuliikalia. Ninaomba ihesabiwe sisi tukiwa mbali. Ikiwa chini ya sitini, chukua. Nitakuletea jembe mwenyewe."

"Nani alihesabu arobaini na saba mkaingiwa na hofu hii?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

Akafunga daftari. "Njiani. Magoti yangu hayapandi. Sikumwambia mtu kwamba nahesabu kutoka chini. Niliona aibu."

Bwana Mipango akamtazama, kisha akatazama kile kidege mezani, bado kimevaa kitambaa cha kufumwa.

"Jumatatu," alisema. "Saa tatu. Na wote kumi na saba niwaone kwenye mabenchi ya zahanati, mahali nitakapoweza kuwahesabu mimi. Asivae mtu kijani."

Jumatatu walikaa kwenye mabenchi kwa rangi zote isipokuwa hiyo. Mwenyekiti alivaa nyekundu kama gari la zimamoto. Shangazi Cherehani alikaa upande mmoja, ule usiouma. Kidege kilikwenda na kurudi, kikadeki mteremko mzima, kikashuka. Binti aliinamia kompyuta kwenye meza ya muuguzi, shuka limetundikwa dirishani kupata giza, na Bwana Mipango nyuma yake. Mama Daftari hakuomba. Alikwisha kuomba, sasa alikuwa anangoja, ambayo ni kazi nyingine na ngumu zaidi.

Bwana Mipango akatoka na karatasi.

"Sitini na tisa."

Mabenchi yakapiga kelele. Mwenyekiti akawa ameshamkumbatia muuguzi asiyehusika.

"Ingekuwa sabini na moja," Bwana Mipango aliendelea, akipaza sauti. "Kuna miche miwili imevunjika. Imelaliwa na kitu kizito."

Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

"Mnaniangalia nini?" alisema. "Mimi nilikalia mmoja tu."

Katika ripoti, chini kabisa, Bwana Mipango aliandika kwamba hesabu ya kwanza ilibatilishwa *kwa sababu ya mimea isiyotulia.* Mama Daftari alisoma, akaomba kalamu mojawapo ya zile nne, akaandika pembeni: *watu.* Kisha akarudisha kalamu.

Jumamosi iliyofuata hakupita njia ya chini. Alikata fimbo, akapanda, tuta moja, pumziko, tuta la pili, pumziko, akitenganisha nyasi kwa mkono shimo kwa shimo na kuandika alichokigusa. Chini uwanjani mkamwana wake alikuwa ameleta kidege, kwa kisingizio cha kujaribu betri mpya, lakini ukweli alikuwa anamlinda. Kwenye tuta la tatu, karibu na jiwe, mama alikuta mche unaofika gotini, majani manne. Akainama auone vizuri, magoti yakaanza kukunjika yenyewe.

Simu ikalia mfukoni.

"Mama," ilisema sauti kutoka chini, "simama tafadhali. Ukikaa hapo nitakuhesabu."

"Nihesabu tu," alisema, akapiga magoti kando ya mche, si juu yake. "Safari hii mimi ni mti wa sabini."